Vibao vya Mjomba na Daktari Asiye na Kibao

Tarehe 6 Februari

Mpwa wangu, mwalimu wetu,

Kabla ya lolote, pokea salamu za nyumba nzima. Nyumba nzima ni mimi na mkaza mjomba wako tu, lakini yeye husalimia kwa sauti ya watu sita, kwa hiyo zihesabu ni nyingi. Hajambo kabisa. Miche yake ya maua imenunuliwa yote wiki iliyopita na sasa anatembea uani kama waziri. Bomba la mvua lililokuwa likivuja mlangoni nimelifunga mwenyewe. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya sanduku langu la brashi, kwa hiyo nimefukuzwa kazini na paka.

Sasa la kukushukuru. Kadi ya bima imefika, na iko mfukoni mwa shati langu, upande wa kushoto. Kwenye picha nimekodoa macho kama mtu aliyefumaniwa na kuku wa jirani, lakini jina limeandikwa sawasawa, na unanijua, mimi huanza kuangalia herufi. Asante sana, mwanangu. Miaka yote hii nimeandika "Tunapokea bima ya afya ya serikali" kwenye kuta za watu, na sikuwahi kufikiri kwamba ipo siku wa kupokelewa atakuwa mimi.

Nilikwenda nayo kituo cha afya kupima presha tu. Nesi akanishika mkono, akaniangalia usoni, kisha akaandika barua ya rufaa niende kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Ni jambo dogo. Manesi wa siku hizi wanapenda kuandika.

Usishangae mistari ya barua hii ikiteremka kulia. Meza imepata mguu mmoja mfupi.

Mjomba wako,
Rula

---

Tarehe 20 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mkaza mjomba anaendelea na uwaziri wake na paka amekurudishia brashi. Mimi sijambo. Darasa la kwanza mwaka huu lina watoto sabini na mmoja, na chaki tunagawana kama dawa. Nawafundisha herufi kwa njia yako, kwanza mwili, halafu miguu, na mwisho kofia kwa herufi inayovaa kofia. Jana mwalimu mkuu alipita dirishani akasimama, akaniuliza nilisomea chuo gani uandishi huu. Nikamwambia nilisomea chini ya ngazi ya mjomba wangu, nikiwa nimeshika kopo la rangi.

Ndiyo maana hilo la meza halinishuki kooni, Mjomba. Nimekula kwenye meza hiyo miaka kumi na haijawahi kuwa na mguu mfupi. Mtaa mzima wanakuita Rula kwa sababu unapiga mstari mnyoofu ukutani bila rula. Barua yako mstari wa kwanza umeanza juu na wa mwisho karibu udondoke mezani. Nesi haandiki rufaa kwa ajili ya meza.

Tafadhali niambie barua hiyo inasema nini. Na tafuta huyo daktari mapema, lakini hakikisha anapokea kadi ya serikali. Bila kadi, mabingwa ni wa kuwasikia redioni.

Mpwa wako anayekupenda na asiyekuamini

---

Tarehe 18 Machi

Mpwa wangu mkaidi,

Marahaba. Hapa wote tu wazima, na mvua ya kwanza imenyesha. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natii amri yako, nikizunguka mjini kutafuta daktari.

Nilidhani kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Nani katika mji huu anayejua kuliko mimi hospitali zipi zinapokea bima ya serikali? Maneno hayo niliyaandika mimi, ukutani mwao, kwa mkono huu. Nikakaa nikakumbuka vibao vyangu vyote, nikachagua vitatu vyenye madaktari wa ndani, nikavaa shati lililopigwa pasi.

Ya kwanza ni ile nyuma ya kiwanda cha mbao. Rangi ya bluu ya mafuta, mwaka wa tisa huu, na herufi bado zinang'aa kana kwamba zimelambwa. Nilisimama kidogo nikajisifu, kisha nikaingia. Binti wa mapokezi akasema, "Mzee, bima ya serikali tuliiacha miaka minne iliyopita."

"Lakini mmeandika ukutani."

"Hicho kibao cha zamani."

"Najua. Ni mimi niliyekiandika."

Akanitazama. "Basi, mzee, hapo wa kulaumiwa ni nani?"

Ya pili wanaipokea kadi, ila kwa meno na watoto. Daktari wao wa ndani alihama, na jina lake nililolipamba kwa kivuli cha dhahabu limebaki likiita watu. Ya tatu nilikuwa nimeandika "Bima zote." Kumbe zote ni mbili, na ya serikali haimo. Nakumbuka mwenye hospitali alisimama chini ya ngazi akaniambia niongeze neno hilo kwa sababu nafasi ilibaki.

Nimerudi nyumbani nimechoka, na nimekasirika. Nimekasirikia rangi yangu. Laiti ningekuwa fundi mbovu, mvua ingekuwa imeshafuta uongo huu wote.

Usiwe na wasiwasi, lakini.

Mjomba wako

(nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine)

Mwanangu, amekwenda kununua gundi ya bahasha, naandika haraka. Meza haina neno. Mikono yake inatetemeka hata akiwa amelala. Jasho linamtoka na mimi nimejifunika shali. Anakula kuliko zamani na bado anakonda, suruali sasa anaifunga kwa kamba. Moyo wake unakwenda mbio mpaka nausikia nikiegemea mgongo wake. Walimu walimletea kazi ya kibao cha shule, akawaambia ana shughuli nyingi. Hana shughuli. Anakaa kwenye banda lake ameshika brashi isiyo na rangi, anauangalia mkono. Anaamini kazi imemwisha. Usimwambie nimekuambia.

---

Tarehe 25 Machi

Mjomba, shikamoo.

Huku kwema. Nimecheka habari za vibao mpaka jirani akaja kuuliza. Kisha nikaacha kucheka.

Sijaambiwa jambo lolote na mtu yeyote. Nataka hilo lieleweke, mtu asigombezwe. Ila nakuomba kwa heshima zote uache kumficha mtu aliyekaa miaka kumi akiuangalia mkono wako ukifanya kazi.

Kuna jambo sijawahi kukuambia. Mama alipoanza kuumwa, kikombe kilikuwa kinamtetemeka mkononi, naye akaniambia ni chai tu, imekuwa ya moto mno. Nilikuwa na miaka tisa, nikamwamini. Nikawa namsubirishia chai ipoe. Mimi sasa si wa miaka tisa, na sitaki kusikia habari za meza.

Nenda ofisi ya bima, waombe orodha ya madaktari. Usinywe mizizi ya mtu. Ningekuja leo hii, lakini watoto wana mitihani na walimu tumebaki wawili. Ukisema neno moja tu, "njoo," nitaacha chaki hapohapo ilipo. Jikaze, Mjomba, na umkubalie mkaza mjomba akushike mkono barabarani. Hakuna atakayekucheka, na akitokea, mkaza mjomba atamshughulikia.

Mpwa wako

---

Tarehe 22 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na nimekusikia. Habari ya chai sikuijua. Niliisoma mara moja, nikaikunja, nikatoka nje.

Naandika haya taratibu, herufi moja moja, kwa hiyo nivumilie. Ndiyo, mkono unatetemeka. Umeanza tangu mwaka jana. Nilidhani ni uzee, kisha nikadhani ni kile kiharusi cha polepole, kisha nikaacha kudhani, maana kila dhana ilikuwa mbaya kuliko iliyotangulia. Mimi sina kazi nyingine ninayoijua, mwanangu. Mkono ukifa, mimi ni mzee aliyekaa mlangoni anasalimia wapitao. Hicho ndicho nilichokuwa naogopa kukuandikia.

Orodha ya ofisi ya bima niliipata. Imetolewa nakala ya nakala mpaka majina yamebaki vivuli. Daktari wa ndani mmoja nilimsoma vizuri, nikaenda, nikaambiwa amestaafu.

Basi nikafanya jambo ambalo mkaza mjomba wako aliliita wazimu. Nilichukua kopo la rangi nyeupe nikaanza kurudi kwenye hospitali zile. Kwenye kibao cha nyuma ya kiwanda cha mbao nilikuta mama mmoja amesimama na kadi kama yangu, amembeba mtoto mgongoni, anasoma maneno yangu kwa kidole. Alitoka mbali. Nilishindwa kumtazama usoni. Nikaomba ruhusa ndani, nikapewa stuli, mkaza mjomba wako akaishika, nikaanza kuufuta ule mstari. Kufuta hakuhitaji mkono mnyoofu, nashukuru kwa hilo.

Yule binti wa mapokezi aliyenilaumu alitoka akasimama mlangoni. Alinitazama nikifuta, kisha akasema, "Mzee, kwani hukwenda kwa yule daktari wa juu ya duka la vigae? Yeye ni wa ndani na anapokea kadi. Mama yangu anatibiwa pale." Nikamwambia duka la vigae nalipita kila siku, sijawahi kuona kibao. Akasema, "Hana kibao."

Fikiria hilo, mpwa wangu. Mimi wa kusoma kuta, nimempita mara elfu.

Ngazi za pale ni ishirini na mbili, nimezipumzikia mara tatu. Juu kuna korido safi, mabenchi mawili, na watu wenye kadi kama yangu. Nilitaka kuwakumbatia wote. Karani akaipokea kadi, akaandika kwenye kompyuta, akaniuliza, "Mchangiaji ni binti yako, mwalimu?" Nikasema, "Ni mpwa wangu." Akasema, "Hapa wewe ni baba." Nikasema, "Basi pana kosa, rekebisha. Mimi ni mjomba." Unanijua, siwezi kupita kosa la maandishi nikaliacha.

Karani akaacha kuandika. Akasema kompyuta haina nafasi ya mjomba. Kama mimi si baba, kadi hii ina maswali, na siwezi kuonana na daktari mpaka pawe na karatasi ya kueleza. Mkaza mjomba wako alinikanyaga mguu, lakini alichelewa.

Nani aliandika baba? Nijibu bila ukali.

Mjomba wako

---

Tarehe 29 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Leo sina habari za darasa. Bahasha hii nimempa dereva wa basi mkononi, ikufikie kesho kutwa. Ndani kuna hati yenye muhuri wa mahakama. Mpe karani. Usiisome, mpe tu.

Aliyeandika baba ni mimi, na si kosa. Fomu ya bima ina visanduku vitatu, mwenza, mtoto na mzazi. Niliwaambia nina mjomba, wakaniambia hana kisanduku. Nikauliza, na aliyekulea je? Wakasema huyo anaingia kama mzazi, ila nile kiapo mbele ya hakimu. Nikala kiapo.

Sikukuambia kwa sababu ilinibidi nieleze pia kuhusu aliyenizaa. Yupo hai, nilisema anapoishi, na nilisema hajawahi kuniuliza habari tangu siku ya mazishi ya mama. Hakimu alinitaka nilitamke kwa sauti. Nikalitamka. Wewe hujawahi kunitajia ubaya wake hata siku moja, nikaona aibu kwamba mimi nimeusema mbele ya watu.

Mpe karani karatasi. Ukiulizwa wewe ni nani, nakuomba mara hii unyamaze.

Mpwa wako

---

Tarehe 30 Mei

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Mkaza mjomba wako anakusalimu na ameotesha miche mipya. Paka wadogo wamefumbua macho.

Niliisoma. Ulitarajia nini? Kunipa mimi maandishi na kuniambia nisisome! Niliisoma pale kwenye benchi, juu ya duka la vigae, mbele ya watu. "Kwamba amenilea tangu nikiwa na umri wa miaka tisa. Kwamba aliuza ngazi yake ndefu ya chuma ili ninunuliwe sare na sanduku la kwenda sekondari. Kwamba ndiyo maana vibao vyake vyote tangu mwaka ule viko chini."

Nani alikuambia habari za ngazi? Nilidhani ni siri ya watu wawili. Nilikuambia nimeacha kupanda juu kwa sababu ya magoti, na wewe ukaitikia.

Nililia, mwanangu, nalisema wazi. Karani aliniletea maji akidhani nazidiwa. Akaisoma hati, akaniomba radhi, ingawa kosa halikuwa lake, akanipeleka kwa daktari kabla sijafuta uso.

Daktari ni mwanamke mfupi, anavaa kandambili chini ya meza. Aliniambia ninyooshe mikono, akaweka karatasi moja juu ya vidole vyangu, karatasi ikacheza ngoma. Akanishika shingo kwa nyuma, akaniambia nimeze maji, nikameza. Akatazama macho yangu. Akapima damu. Niliporudi kusikia majibu, mkaza mjomba wako alikuwa ameshika mkono wangu mmoja na mimi nimeshika mwingine mwenyewe.

Si kiharusi, mpwa wangu. Si uzee pia. Kuna tezi hapa shingoni, kumbe ndiyo inayoupa mwili mwendo, na yangu imekuwa ikifanya kazi kupita kiasi, mchana kutwa na usiku kucha. Ndiyo inayokimbiza moyo, inayonikausha nyama, inayotetemesha mkono. Ina vidonge. Natumia wiki ya tatu sasa. Usingizi umerudi, jasho limepungua, na jana nimefunga suruali kwa mkanda. Mkono bado haujatulia kabisa, lakini daktari anasema utatulia, nivute subira. Angalia mistari ya barua hii kisha unipe maksi, mwalimu.

Nilimuuliza kwa nini hana kibao. Akasema mkataba wa bima husainiwa kila mwaka, na hataki ukuta umwahidi mtu jambo ambalo yeye mwakani huenda asiweze. Nimemheshimu sana kwa hilo. Nilimwambia nina hospitali mbili zaidi za kufuta, akacheka.

Sasa nisikilize. Aliniuliza kama katika damu yetu kuna mwingine aliyeugua hivi. Nikamweleza dada yangu, yaani mama yako. Mkono, moyo, kukonda huku anakula, macho. Wakati ule tuliambiwa ni huzuni ya kuachwa na mumewe, na mimi nikaamini, nikawa namwambia ajikaze. Daktari alisema hawezi kumpima aliyekwisha kwenda, lakini kwa maelezo hayo yeye angeanza kwa kupima tezi. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikimlaumu yule mwanamume kwa kifo cha dada yangu, na nikijilaumu mimi. Nimeondoka pale nimepungukiwa mzigo, ingawa kuna uchungu mpya, wa vidonge vidogo kiasi kile ambavyo hakuna aliyetuambia habari zake.

Daktari akasema ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya ukoo, na huwapenda wanawake zaidi. Wewe ni mwanamke wa ukoo huu. Nenda ukapime. Hili si ombi, na usinijibu kwa habari za mitihani.

Asante kwa kadi. Asante kwa kiapo. Sijui kuandika shukrani iliyo kubwa zaidi ya hapo bila ngazi ndefu.

Mjomba wako

---

Tarehe 27 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nimeisoma barua yako kwa sauti chumbani, peke yangu, kana kwamba kuna mtu wa kusikiliza. Nadhani nilikuwa namsomea mama. Nilimwambia chai haikuwa na kosa, na mimi sikuwa na kosa, na wewe pia.

Nilikaa wiki mbili bila kwenda kupima, nikisingizia mitihani kama ulivyotabiri. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kisha nikakumbuka ngazi ishirini na mbili ulizopanda huku moyo unakwenda mbio, nikaona haya, nikapanda basi.

Hospitali ya wilaya wana daktari wa ndani anayekuja siku mbili kwa wiki, na kadi wanaipokea. Nilihakikisha kwa mdomo, sikusoma ukuta. Ni kijana, anaandika vibaya mno, ungemlilia. Akaniuliza kama kuna mtu katika familia mwenye ugonjwa wa tezi. Nikajibu bila kufikiri, "Baba. Ameanza dawa, anaendelea vizuri." Akaandika. Nikamwambia, "Subiri, daktari, nimekosea, ni mjomba. Ndugu wa mama, tumbo moja." Akaacha kalamu akaniambia nimefanya vizuri kusahihisha, maana angeutafuta ugonjwa upande usiokuwa wake.

Majibu yametoka leo asubuhi. Tezi yangu imeshaanza mwendo kama wa yako, kidogo tu. Daktari anasema nimekuja mapema kuliko wengi, wengi huja mikono ikishatetemeka. Ananipa vidonge vilevile vyako, nusu. Sikulia. Nilimwambia asante mara nyingi mpaka akaona haya.

Nimerudi nimekaa kitandani na pakiti mkononi, nikakuwazia. Pale ofisi ya bima walitaka baba, na kwa daktari walitaka mjomba. Nina mtu mmoja tu, Mjomba, nikamtaja kotekote, na kotekote akapokelewa.

Mwanao